Nilimwita Paa Wakati Si Wake

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, haijanitoka mwilini mpaka leo, na mengine mengi yamekwisha kunitoka, hata miwani yangu nikiiweka sijui nimeiweka wapi. Asubuhi hiyo nilimwita paa, nikaitikiwa na nisiyemwita. Sogeza huo mto ukae vizuri, chai ipo kwenye birika, nikuhadithie.

Unajua nimeikumbuka kwa nini? Kwa sababu ya huyu mkwe wetu, mume wa mjukuu wangu Rahma. Juzi kaja hapa kwangu Mahjar na spika ndogo, haizidi kopo la maziwa, kaiweka dirishani, kafungua simu yake, ikaanza kulia sauti za kware. Ati ndivyo wanavyowinda siku hizi. Unaweka sauti, kware wanaopita angani wanadhani wenzao wako chini, wanashuka. Nikamuuliza, "Baba, kware hupita miezi gani?" Akasema wa tisa, wa kumi. "Na huu mwezi wa ngapi?" Akacheka, "Bibi, najaribu spika tu." Kujaribu kwenyewe, haikupita nusu saa dirisha limejaa paka. Paka wote wa Mahjar, wenye masikio mawili na wenye sikio moja, wamejipanga wanaitazama ile spika kama walioalikwa harusini. Tulicheka mpaka Rahma akamwaga chai. Mie nilipomaliza kucheka nikanyamaza. Wakaniuliza, bibi una nini, nikasema sina kitu. Uongo ule. Nilikuwa nacho, na ndicho hiki.

Mie nimezaliwa Jeddah hapa hapa, mtaa wa Karantina, chumba kimoja watu saba. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya yale ya sitini na nne. Skuli sikukaa, kusoma kwangu ni kwa kuunga unga. Nilichojaliwa ni koo. Kitu nikikisikia mara mbili naweza kukitoa kama kilivyo. Cherehani ya mama naitoa. Mbuzi wa jirani namtoa. Nilikuwa nikitoa kikohozi cha imamu wetu akipanda ngazi, basi wanawake wote ghorofa nzima wanakimbilia mitandio yao, kumbe ni mie nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Mama alikuwa akinipiga na akicheka, yote mawili kwa pamoja.

Nilipofika miaka kumi na saba shangazi yangu Zuwena akaniita Riyadh. Alikuwa mpishi wa nyumba moja huko, na magoti yalishaanza kumkataa. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa na maghala kule Sulay, sie tukimwita baba. Mkewe, madam Hessa, alikuwa kijana, mrefu, mwenye kucheka mpaka anashika mbavu. Alinipenda siku ya kwanza. Wanawake wenzake wakija kunywa kahawa alasiri ananiita, "Shamsa, njoo utufanyie wa kwenye simu," nami nawafanyia sauti ya mama mkwe wake anavyoongea kwenye simu, na mama mkwe mwenyewe yumo humo humo, anacheka kuliko wote.

Uani mle kulikuwa na mtoto wa paa. Paa wa jangwani, mwanangu, si mkubwa, anakuja hapa kwenye paja, macho kama yametiwa wanja. Aliyemleta ni mzee mmoja wa kibedui, tukimwita Ami Mutlaki, ndiye aliyekuwa akiwaongoza watu wa nyumba ile wakienda kuwinda. Wakati huo ilikuwa haijakatazwa kama sasa. Kazi ya kumnyonyesha kwa chupa nikapewa mie. Sasa yule mtoto wa paa akiona njaa ana sauti. Nyembamba, inatokea puani, halafu mwishoni inavunjika. Ukiisikia na humwoni utasema ni mtoto mchanga aliyechoka kulia. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaipata. Nikiitoa, anageuka kunitazama mdomoni, anajiuliza mwenzake kaingilia wapi. Alipokua Ami Mutlaki akaja kumchukua akamrudisha kwao.

Siku aliyokuja kumchukua alikaa jikoni kwetu anakunywa kahawa. Alikuwa mzee wa maneno machache. Ukimuuliza habari za watu anakujibu nusu, lakini habari za wanyama anasema mpaka kahawa inapoa. Akaniambia kila majira yana sauti yake. Joto likivunjika, madume wanatafuta majike, na hapo dume anakoroma. Ukimkoromea kama dume mwenzake anakuja mbio kukupiga, hata bunduki haioni. Baridi ikiondoka, majike wanazaa. Hapo ukilia kilio cha mtoto, mama anakuja, hata kama wake amemlaza salama chini ya kichaka, atakuja tu.

"Lakini hiyo," akasema, "baba yangu alinikataza, na mimi nakukataza wewe. Utamuua mama, na mtoto atabaki pale pale alipolazwa, anangoja."

Nikamuuliza, "Na kwenye baridi, Ami, wanaitwa kwa sauti gani?"

"Kwenye baridi unanyamaza. Hakuna wa kumwita. Unafuata nyayo, unakaa, unangoja."

"Na mtu akiita?"

"Mbwa mwitu atasikia. Hana haja ya kujua mwezi gani."

"Kila mara anakuja mbwa mwitu?"

"Mara nyingi," akasema. Nikamngoja amalizie. Alimaliza kahawa yake, akatikisa kikombe kuonyesha kuwa basi, akambeba paa wake, akatoka.

Kiangazi kile madam akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Badri. Nyumba ilijaa ubani na tende na watu. Miezi mitatu, mwanangu. Joto lilipoanza kupungua, asubuhi moja Badri hakuamka. Hakuwa na homa, hakuwa na kitu, hakuamka tu. Kabla ya adhuhuri wanaume walikwisha kumwosha, kumsalia, kumzika, na kurudi. Kule kwao wanawake hawafuati maiti, na kaburi haliwekwi alama, unarundika mchanga na jiwe la kawaida, baada ya mwaka hulijui. Madam alimngojea mumewe mlangoni. Akamuuliza swali moja tu, nilikuwa nimeshika sinia, nimelisikia. "Umemlaza wapi?"

Baba akasema, "Kwa Mungu."

Jibu lake lilikuwa la kweli, nani atalipinga. Lakini madam hakuuliza tena, na hakulia. Sie tulimngoja alie, mama yake alimngoja alie, hakulia. Chakula akawa hataki. Shangazi anampikia supu, anatia midomo tu. Ikawa katikati ya kumimina kahawa anasita, anageuza kichwa hivi, kama mtu aliyeitwa chumba cha pili. Na alasiri, watu wamelala, nikipita chumba cha mtoto namsikia humo ndani anabembeleza. Mdomo kaufumba, sauti iko chini kabisa kifuani, mm-mm, mm-mm. Nikachungulia siku moja. Kapakata mto.

Shangazi akaniita jikoni. "Shamsa, hizo sauti zako, halas. Hata paka usimlie humu ndani. Unanisikia?"

"Nakusikia, shangazi."

"Unanisikia kwa masikio. Nataka unisikie."

Ilipoingia baridi baba akaona ampeleke mkewe jangwani apate hewa, upande wa mchanga mwekundu, mbali na mji. Tulipiga mahema matatu. Siku ya pili yake baba akaitwa Sulay, kuna mzigo umefika, akamwachia kambi mdogo wake Saad, pamoja na Ami Mutlaki. Huyu Saad alikuwa mtu mzuri, ila mdomo. Siku tatu alikwenda na mzee kuwinda, siku tatu akarudi mikono mitupu, na kila jioni analalamika kwenye moto.

"Huyu mzee ananitembeza kutazama mavi. Natoka na bunduki, nakwenda kusomeshwa mavi."

Ami Mutlaki hata hakumgeukia. "Mavi hayakudanganyi, Saad. Umeyaona makavu?"

"Nimeyaona makavu."

"Basi wamekwenda."

Shangazi Zuwena alicheka mpaka akalazimika kugeukia mahema. Saad akanuna. Alfajiri ya siku ya nne, tumeshasali, mie niko nje nawasha moto wa chai, akanijia polepole. Ukungu umeshuka, mwanangu, ukungu wa huko baada ya mvua, hema la pili silioni nikiwa kwenye la kwanza. Akaniambia, "We binti wa Jeddah. Nasikia una paa kooni."

Nikasema, "Nani kakwambia?"

"Nyumba nzima inajua. Sikiliza. Shemeji yangu hali kitu. Zamani nyama ya paa alikuwa akiila mpaka mifupa. Ukiniitia mmoja, leo atakula."

Hapo ndipo aliponikamata. Lau angelinambia njoo tucheze nisingelikwenda. Lakini mie nilikuwa nikimpenda madam Hessa, na mikono yake ilikwisha kuwa kama vijiti, bangili zinapita mpaka kiwikoni. Na nisikudanganye, mtu mzima sidanganyi, kulikuwa na kingine. Nilikuwa na miezi sijatoa sauti. Koo lilikuwa likinicheza.

Ami Mutlaki alitusikia. Akatoka hemani mwake anajifunga kilemba. "Hii baridi," akamwambia Saad. "Jangwa zima hili hamna mtoto wa paa hata mmoja. Mama gani atakuja?"

Saad akasema, "Si bora hivyo? Sauti yake itakuwa peke yake."

Mzee akanitazama mie. Alingoja niseme siendi. Nikatazama moto. Basi akachukua fimbo yake akatufuata.

Tulitembea mwendo wa kikombe kimoja cha kahawa, mahema tumeyaacha nyuma. Tukalala chini nyuma ya kichaka, Saad katikati na bunduki yake, mie kulia kwake, mzee kushoto. Mchanga ulikuwa baridi unaingia tumboni. Mbele yetu weupe tu. Hakuna juu, hakuna chini, hata ndege hamna. Saad akaniashiria, yalla.

Nikaitoa.

Nisikilize, mwanangu. Ile sauti uani Riyadh ilikuwa mchezo. Kule ilikuwa kitu kingine. Ilitoka kinywani mwangu ikaenda, na ukungu ukaichukua, halafu ikawa kama hailii kwangu tena, inalia huko mbele, pembeni, chini ya vichaka, kama wako wengi. Nywele za mikono zilinisimama kwa sauti yangu mwenyewe. Nikanyamaza. Saad akaniashiria tena. Nikaitoa mara ya pili, ndefu, nikaivunja mwisho kama ivunjikavyo.

Tukajibiwa.

Jibu lilitoka nyuma yetu, upande wa kushoto. Dogo, la chini, limefumbwa mdomo. Mm-mm. Likanyamaza. Saad akanifinya bega kwa furaha, akaninong'oneza, "Mama mtu." Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikaita mara ya tatu. Safari hii jibu likatokea mbele. Mm-mm, mm-mm.

"Anatuzunguka," Saad akasema, "anatafuta harufu yetu." Akaweka bunduki begani.

Nilikuwa nimeusikia mlio ule alasiri baada ya alasiri, zaidi ya mwezi, mlango wa pili na jikoni kwangu. Sikuutambua. Ukitaka kitu kije, kila kinachokuja unakiona ndicho.

Mara ukungu mbele yetu ukawa na kitu ndani yake. Rangi ya mchanga. Kimeinama, kinakwenda kichaka kwa kichaka, kinasimama, kinatia kichwa chini, kinaondoka, kinakwenda kwengine. Kinatafuta. Kidole cha Saad kikaingia kwenye mtambo wa bunduki.

Ami Mutlaki akanyoosha mkono, akauweka mdomoni mwa ile bunduki. Kiganja chake kitupu. Akasema polepole, kama anamwamsha mtu usingizini, "Saad. Paa haitiki hivyo."

"Toa mkono, mzee. Namwona."

"Unaona nini?"

"Namwona."

"Hesabu miguu."

Nilimsikia Saad akivuta pumzi, na nilimsikia asiitoe. Halafu bunduki ikalala mchangani, yeye naye akalala juu yake, uso chini.

Alikuwa madam Hessa. Amevaa lile joho la manyoya ya kondoo la baridi, rangi ya mchanga, linaburura. Miguu mitupu, kwenye baridi ile. Alikuwa akiinua matawi ya kichaka kimoja kimoja kwa mkono mmoja kutazama chini yake, na huku anabembeleza, mm-mm, mm-mm, mkono wa pili ameshaukunja hivi, tayari kwa kupakata.

Nilijificha. Nakwambia kweli yangu. Nilitia uso mchangani, nikasema moyoni atapita, hataniona, nikawa nasema hivyo kama dua. Fimbo ya mzee ikanigusa bega.

"Inuka," akasema.

"Siwezi, Ami."

"Uliyeita ni wewe. Usimwache anatafuta. Mjibu, na umjibu kwa sauti yako mwenyewe."

Nikainuka. Nikasema, "Madam. Ni mie, Shamsa."

Akaja mpaka nilipo. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, lakini alikuwa anatazama pale pembeni yangu, chini. "Yuko wapi?" akaniuliza. Kaniuliza kwa adabu, kama mtu anauliza njia.

"Hayupo, madam. Ilikuwa mie."

Akanyanyua mkono akaniweka vidole hapa, kooni. Vidole vya barafu. Akanipapasa polepole, juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Akasema, "Fanya tena."

Mwanangu, nilifungua kinywa. Sauti ilikuwa imeshafika hapa, chini ya vidole vyake, ilibaki kutoka tu. Ingelikuwa ni huruma, nilifikiri, mpe, mara moja tu, kwani itakudhuru nini. Halafu nikaiona ile mikono yake. Mkono mmoja kooni kwangu, lakini ule wa pili bado umekunjwa, umefanya kitanda. Nikajua nikilia sasa hivi, mwanamke huyu hatoki tena hapa. Tutamrudisha mwili tu Riyadh, yeye mwenyewe atabaki huku anainua matawi.

Nikasema, "Siwezi, madam."

"Unaweza. Nimekusikia."

"Naweza. Lakini sifanyi. Badri hayumo humu."

Alinipiga kofi ambalo nikilikumbuka hata leo shavu linapata moto. Hakuwa amenipiga kabla, wala hakunipiga baadaye. Halafu ule mkono uliokunjwa ukakunjuka. Akautazama, kama hakujua ulikuwa wapi. Akakaa chini mchangani, joho likamzunguka, akaanza kulia. Mwanzo kilio hakina sauti, kinamtikisa tu. Kikaja kupata sauti, na hiyo sauti mwanangu ndiyo pekee katika maisha yangu niliyoisikia nisijaribu kuitoa.

Shangazi Zuwena ndiye aliyetukuta. Alikuwa anakuja mbio na magoti yake mabovu, kiatu kimoja, anatuita majina yetu wote, moja baada ya jingine. Hakuniuliza kitu. Alimkumbatia madam, akavua soksi zake akamvisha miguuni, akawa anamwambia kwa Kiswahili, ambacho madam hakijui neno, "Lia mwanangu, lia, lia mama yangu, ilikuwa imekuganda." Saad amegeuka mgongo, kilemba chake amejiziba uso. Mzee amekaa kando, fimbo mapajani.

Alasiri baba akarudi kutoka Sulay. Shangazi alikuwa na miaka kumi na mbili kwenye nyumba yake, hakuwahi kusimama mbele yake bila ya kubeba kitu mkononi. Siku hiyo alisimama mikono mitupu.

"Baba," akasema, "mpeleke akaone alipolazwa mwanawe."

"Zuwena, unajua wanawake hawaingii makaburini."

"Asiingie. Ukuta una nje."

Baba akaenda kumwita mkewe hemani. Kisha akawasha gari. Walikwenda wawili tu, na waliporudi, shangazi akamuuliza baba, naye akamweleza kwa aibu, kama mtu anayetaja kosa, kwamba alisimamisha gari kwenye geti, akamwonyesha kwa kidole safu ya ngapi na jiwe la ngapi, na madam akamwambia arudie, akarudia, mpaka akawa analijua. Usiku ule madam Hessa alikula. Maziwa ya moto na mkate. Nyama ya paa haikuwepo, na hakuna aliyeitaja.

Sasa nikwambie nilichokibakisha. Saad hakijui, alikufa hakijui. Adhuhuri ile, ukungu umeondoka, madam kalala, Ami Mutlaki akaniita twende tukatazame nyayo. Nilidhani anataka kunisuta. Tukafika. Nyayo za madam zilikuwa wazi kama zilizopigwa muhuri, mguu mtupu, kutoka hemani, zimetupita kushoto, hatua ishirini tu kutoka tulipolala, zikaenda mbele, zikageuka kutujia. Na pale zilipogeuka, kando yake, karibu kabisa, kulikuwa na nyingine. Ndogo, zimepasuka katikati, zimechongoka mbele. Paa. Paa jike, mzee akasema, mkubwa, na amekuja pole pole. Zilitembea sambamba na za madam, zikisimama anaposimama, kichaka kwa kichaka. Kisha zikasimama mara ya mwisho, zikageuka, zikaenda zake.

Nikasema, "Ami, ulisema kwenye baridi hawaji."

"Hawaji."

"Na huyu?"

Ami Mutlaki, aliyekuwa akisema habari za wanyama mpaka kahawa inapoa, hakunijibu. Alivua joho lake, akalikokota juu ya nyayo zile, mbele na nyuma, kwa utaratibu, zile za paa zote mpaka zilipoingia kwenye changarawe. Za madam akaziacha. Akaniambia, "Saad asizione." Halafu akaniambia, "Umeita mama. Wamekuja waliokuwa mama." Tukarudi kambini, na sikuwahi kumsikia akilitaja tena.

Basi mwanangu, haya ndiyo ninayokuusia, na wewe unakwenda Riyadh mwezi ujao kukaa katika nyumba za watu. Kipaji ulicho nacho ni chako, kiwe mdomo, kiwe wimbo, kiwe uzuri, lakini masikio yatakayokisikia si yako. Ukiingia nyumba, kabla hujacheka, kabla hujaimba, jua kwanza wenyewe wako kwenye majira gani. Kuna nyumba wamemaliza kuzika na kapeti limeshafagiliwa, hutaona dalili. Uliza jikoni, wa jikoni wanajua. Na hizi simu zenu vile vile, si kila siku ni ya kumpigia mama yako kumlilia, tazama kwanza naye ameamka vipi.

Usiite kwa sababu unaweza kuita tu. Na atakayekwambia ita, hata akikutilia na jambo la kheri ndani yake kama Saad alivyonitilia mie, mwambie ngoja kwanza nitazame wakati.

Na ikiwa umekwisha kukosea, maana utakosea, binadamu gani hakosei, usilale uso mchangani. Inuka useme ni mie. Utapigwa kofi, litapoa. Na akikwambia fanya tena, kwa machozi, kwa huruma, usifanye. Huruma ya namna hiyo humpoteza mtu moja kwa moja.

Haya, nimemaliza, mdomo umenikauka. Inamisha kichwa nikuwekee mkono. Mungu akufanye mtu wa kupokelewa kila unapobisha. Akupe koo zuri na akupe na kulifunga. Akuepushe na ukungu wa nje na wa moyoni, na siku ukiwa wewe ndiye unayetafuta, akuletee mtu wa kukujibu kwa sauti yake ya kweli. Amin, mwanangu. Nenda kalale, na hiyo spika ya mkwe wetu itoe dirishani.